Mabega ya Bibi

Marehemu alikuwa na ugonjwa mmoja tu usio na dawa, nao ni kufumua. Ukimpelekea sketi iliyoshonwa na fundi mwingine, akaitazama kwa chini ya miwani, basi jua sketi imekwisha. Wembe ulitoka mfukoni kabla hujamaliza salamu. Alifumua nguo za wateja, akafumua mapazia ya jirani, na siku moja, akiwa mgeni tu kwenye harusi ya watu, aliomba dakika tano na bibi harusi nyuma ya mlango. Bibi harusi alitoka huko kiuno kimekaa vizuri na macho mekundu.

Aliyeujua wembe huo kuliko wote ni binti yake, aliyefanya naye kazi chumba kimoja, cherehani kwa cherehani, miaka thelathini na mitano. Mtaa ulimwita mama Fundi, na binti Fundi Mdogo. Sasa Fundi Mdogo ana miaka hamsini na tatu, magoti yanamlalamikia na miwani yake ni minene kuliko ya mama, lakini bado ni Mdogo tu. Kila alichoshona, mama alikipokea, akakigeuza ndani nje, akasema, "Tutaona." Kesho yake Fundi Mdogo alikikuta kimefumuliwa na kushonwa upya. Kusifiwa hakukuwepo. Alipothubutu kulalamika, alijibiwa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba pasi inapoa.

Mwaka ulikuwa umepita tangu mama azikwe, na Jumamosi hiyo mchana ukoo ungekusanyika sebuleni kwa kaka mkubwa, dereva wa lori, kumkumbuka. Kila mtu alitakiwa aje na jambo la kusimulia. La kaka lilijulikana: angeigiza mabega. Maana mama, ambaye wajukuu walimwita Bibi, kwenye picha zote za harusi na za mahafali, amesimama mabega nyuma kifua mbele, kama anayekagua gwaride. Wajukuu walijua kumwigiza kabla ya kujua kufunga viatu. Kaka alishikilia kuwa ni maringo. Wifi alisema ni mgongo. Bibi mwenyewe akiulizwa, alijibu kwamba anasimama anavyosimama.

Na kwenye picha hizo zote amevaa gauni moja la zambarau. Fundi Mdogo alilishona akiwa na miaka kumi na minane, gauni lake la kwanza zima, akamzawadia mama. Mama akasema, "Tutaona." Siku ya tatu akalivaa. Fundi Mdogo hakujidanganya: alimjua mamake, na katika siku hizo mbili za katikati lazima gauni lilifumuliwa lote. Kwa hiyo watu walipolisifia, yeye alinyamaza. Mtu hapokei pongezi za kazi ya mwenzake.

Ndiyo maana hakuwa na la kusimulia. Alichokuwa nacho ni swali, na wa kulijibu hayupo: je, katika miaka yote ile, kuna mshono wake hata mmoja ambao mama aliuona unafaa?

Asubuhi hiyo binti wa Fundi Mdogo, muuguzi, aliingia dukani akiwa bado na sare ya kazini, gauni la zambarau mkononi. Alitaka kulivaa mchana. Bibi alikuwa mpana na yeye ni mwembamba, kwa hiyo aliomba lipunguzwe ubavuni tu.

Fundi Mdogo akaligeuza ndani nje, akafungua bitana kwa wembe wa mama. Alitegemea kuona mshono wa mama, ule mdogo kama mbegu za mchicha. Akaona mshono mrefu, uliopinda, wa mtu anayekanyaga cherehani kwa hofu. Na uzi ulikuwa wa bluu. Aliukumbuka vizuri: wa zambarau ulimwishia, na hakuwa na subira ya kwenda kununua mwingine.

Akapandisha wembe hadi kwapani, akainama kutazama vizuri. Mama alimfundisha kuutia alama kila mkono wa nguo kabla ya kuushona: mkato mmoja wa mkasi upande wa mbele, miwili upande wa nyuma. Hapa ile miwili ilikuwa mbele. Akatazama mkono wa pili, nao vivyo hivyo. Alikuwa ameshona mkono wa kulia kushoto, na wa kushoto kulia. Nguo ya namna hiyo humvuta mvaaji mabega nyuma, atake asitake.

"Mabega ya Bibi," akasema polepole. "Mimi ndiye niliyeyashona."

Ilibidi aeleze mara mbili. Muuguzi alipoelewa alicheka mpaka akashika meza, akasema kweli kikulacho ki nguoni mwako, na Bibi alikivaa harusi kumi na moja. Kisha akauliza, huenda Bibi hakujua?

Asijue, yeye aliyeona pindo lililopinda kutoka ng'ambo ya barabara! Fundi Mdogo akaligeuza kwapa la gauni kwenye mwanga. Kitambaa kilichanika pale kwa kuvutwa, kikatiwa kiraka. Kiraka nacho kikachanika, kikatiwa kingine. Viraka vinne kila upande, kwa mshono wa mkono, mdogo kama mbegu za mchicha. Mara nne mama alikuwa amelifungua gauni hili, wembe mkononi, akaiona mikato miwili mbele, akaziba tundu na kufunga. Kisha akaenda zake harusini na mabega yanauma.

Fundi Mdogo akalia bila kujificha. Mwaka mzima alikuwa amemkumbuka mamake kwa mapenzi na kinyongo, na sasa kinyongo hakikuwa na pa kukaa.

Muuguzi alimwacha atulie, ndipo akauliza, "Kwa hiyo utaifumua hiyo mikono, Mama?"

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Fundi Mdogo akautazama wembe, akaufunga kwenye karatasi yake.

"Hiyo haifumuliwi."

Akapunguza ubavuni, kwa uzi wa bluu. Binti akalivaa, akasimama mbele ya kioo, na mabega yakarudi nyuma yenyewe, kifua mbele. Fundi Mdogo akamzunguka mara moja, akimtazama kwa chini ya miwani.

"Linabana?"

"Linabana, Mama."

"Tutaona," akasema, akachukua funguo, wakaenda kwa kaka.