Marehemu Yuko Kwenye Simu

...na muziki ule ule wa kusubirisha watu kwenye simu tena, kinanda kile kile, dakika arobaini na moja sasa Doreen amekaa ndani ya gari nje ya duka anakofanya kazi, sandwichi ya bata mzinga imelowa kwenye karatasi yake, mapumziko ya mchana yanakwisha, na yule kijana Brent wa kampuni ya ripoti za mikopo amekwenda kumuuliza msimamizi wake kama maiti inaruhusiwa kulalamika, maana ndivyo ripoti ya mikopo ya Doreen inavyosema, amefariki, na benki haimkopeshi marehemu, na mwenye ile nyumba ya vyumba viwili anayotaka kuinunua amesema atamsubiri hadi Ijumaa, leo Jumatano... "Pole sana kwa msiba, mama, wewe ni nani kwa marehemu?" Brent aliuliza mwanzoni kwa adabu zote, naye akamjibu, "Marehemu ni mimi," vidole vikagonga kompyuta, halafu, "Basi nitahitaji cheti cha kifo," ujinga gani huu, cheti cha nani, amewatumia barua mbili za rejista, nakala ya leseni ya udereva, bili ya umeme, wakajibu wamehakiki na taarifa ni sahihi, wamehakiki wapi, kaburini?, na kosa lenyewe hata mtoto angeliona, mapacha wa Toledo, Noreen na Doreen, mama yao aliwachagulia majina ya kufanana kama alivyowachagulia magauni, akawaombea namba za hifadhi ya jamii, zile benki na serikali zinazomtambulia mtu, siku moja, zikafuatana, ya Noreen inaishia na tatu, yake na nne, hata shuleni chanjo ya mmoja iliandikwa kwa mwingine, na Noreen akicheka, "Mimi nikifa watakuzika wewe, utaona," nimeona, mshenzi wee, nimeona... miezi miwili tangu msiba, na katika barua zote mbili ameandika mimi ni mzima, mimi ni mzima, hakuandika popote aliyekufa ni nani, aliruka makusudi, kama alivyomwachia shemeji apige simu zote za msiba, kama alivyosimama kanisani akihesabu taa, na Brent wa watu anatukanwa bure, hapana, si bure, wamemuua Doreen kwa kidole kimoja cha mtu mvivu aliyebonyeza nne badala ya tatu, lakini hawakumuua Noreen, hilo hawakulifanya wao... simu imepata moto sikioni, anajaribu maneno polepole, macho kwenye kioo cha mbele, aliyekufa ni pacha wangu, sauti inakwama hapo kwenye pacha, anaanza upya, aliyekufa ni Noreen, aliyekufa ni dada yangu Noreen, na mara hii anafika mwisho, na kinanda bado kinapigwa.