Baragumu la Korongo

Kila vuli, watu wa kijiji alichoishi binti Tryphena hawakutia mbegu ardhini mpaka walisikie baragumu la baba yake. Mzee Obadiah ndiye aliyeteremka alfajiri hadi kinamasi cha chini ya kilima cha Mraru kuwavizia korongo weupe, wageni wanaoitangulia mvua. Sheria ya ukoo ilikuwa moja: baragumu hupulizwa na yule tu aliyewaona korongo kwa macho yake.

Mwaka ule wa 1956 habari zilichelewa. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa Kasigau, majembe yalikuwa yamenolewa, na majirani walianza kunung'unika. Tryphena akaomba kumsindikiza baba yake. Njiani mzee alimtania kwamba kwa kishindo cha miguu yake hata kiboko angehama. Kisha yeye mwenyewe akajikwaa kwenye gogo lililolala wazi njiani, akalitukana.

Walipofika ukingoni, Tryphena alishusha pumzi. Bonde zima lilikuwa jeupe. Korongo walisimama majini bega kwa bega, kimya, maana korongo si ndege wa kelele.

Mzee Obadiah alivuta kola ya koti lake la jeshi, lile alilorudi nalo kutoka Burma, akakaza macho mbele. Alitazama kwa muda mrefu.

"Bado," akasema. "Turudi, mwanangu. Mwaka huu wametutupa."

Tryphena aliikumbuka chai ambayo baba yake aliimimina kando ya kikombe, na salamu alizoupa mlango mtupu. Akinyamaza, mvua itapita mbegu zingali vibuyuni. Akisema, atamvua baba yake kitu asichoweza kumrudishia. Aliokota jiwe, akalitupa majini.

Mbawa zikavuma. Mzee akageuka upesi, akaelekeza uso upande usio na ndege hata mmoja.

"Walikuwa wapi?"

"Mbele yetu, Baba."

"Wengi?"

"Wengi."

 Mzee akauvua shingoni ukanda wa baragumu, akampa. Tryphena akamsihi apulize yeye, kwani nani angejua?

"Mimi nitajua," alisema mzee. "Puliza, watu wapande."

Tryphena akapuliza, mlio ukikatwa na kwikwi. Huko juu kijijini vigelegele vikajibu, kama kila mwaka. Mzee akamwomba amwelekeze waliko ndege. Tryphena akamshika mabega, akamgeuza taratibu. Mzee akaweka kiganja juu ya nyusi kukinga jua, ingawa jua lilikuwa mgongoni mwao, akatazama.