Jumamosi Moja, Harusi Mbili

Kwaresima nzima salle, ukumbi wa harusi wa mtaa wa Shari, ilikaa kimya, viti vimepandanishwa ukutani. Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, kila mzazi mwenye binti wa kuoza aliitaka. Kwa hiyo Vital, kijana aliyeitengenezea salle programu ya kuandika siku, alipokuta familia mbili zimesimama mbele ya jukwaa, kila moja na karatasi ya Jumamosi hiyohiyo, alielewa mara moja kosa lilikuwa wapi.

Upande mmoja alisimama muzee Gaspard, upande mwingine muzee Donatien. Wakati wa vita watu wao walikimbiana. Siku hizi walinunua katika soko moja na kusalimiana kwa kichwa, ila kila mmoja alichungulia sahani ya mwenzake. Katikati yao alikuwa Immaculée, mwandishi wa salle, binti wa ukoo wa Gaspard.

"Uliwapa kaka zako siku yetu," Donatien alimwambia. "Siye tuliandikwa kule ofisi ya pili ya salle, Ngezi, kwa mwandishi Musoki. Weye ukatuzunguka huku."

"Muzee, sikuzunguka mutu. Mashine iliniambia siku iko wazi."

"Kumbe mashine nayo iko na kabila!" mtu mmoja alisema kutoka nyuma, na wenzake wakacheka kicheko kikavu.

Ambroise, msimamizi wa salle, alimgeukia Vital. Programu ile ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. "Ingénieur, mashine yako iko na kosa?"

"Hapana, papa. Iko sawa."

Neno lilimponyoka kama mkono unavyoruka kuziba uso. Basi kosa likawa la Immaculée: Ambroise akamnyooshea kiganja. Akatoa funguo za ofisi, akaziweka humo, akarudi nyuma huku akiangalia sakafu.

Vital alijua alichosema. Mwanzoni programu ilikuwa na kufuli. Mwandishi mmoja akiifungua siku ili aiandike, siku ile ilifungwa kwa mwingine mpaka wa kwanza amalize. Wa pili alisoma tu "Subiri". Lakini courant ya Bunia, yaani umeme, haiagi ikiondoka. Ilipokatika katikati ya kazi, siku ilibaki imefungwa, na watu walirudishwa nyumbani ingawa salle ilikuwa wazi. Simu za malalamiko hazikuisha. Badala ya kutengeneza kufuli inayojua kujifungua mwenye kazi anapopotea, Vital aliiondoa kabisa. Hakumwambia mtu. Wakamsifu: sasa inakimbia! Naye akazipokea sifa.

Hakufikiri kwamba courant ikirudi, inarudi Shari na Ngezi kwa wakati mmoja. Waandishi wote wawili walikuwa na watu wanaongoja. Wote waliketi pamoja, wakauliza pamoja kama Jumamosi iko wazi, wakajibiwa ndiyo, wakaandika.

Immaculée alikuwa amefika mlangoni.

"Yaya, ngoja," Vital alimwambia, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Ngojeni wote. Nimesema uongo."

Alieleza, akajikwaa. Donatien alimkatiza. "Anamukinga huyu binti. Vijana wanakingana."

"Basi bonyezeni wenyewe, wazee."

Aliwasha ordinateri yake, kompyuta ya mkononi, karibu na ile ya ofisi, akachagua Jumamosi nyingine isiyo na mtu. Gaspard aliketi huku, Donatien kule, kila mmoja na kidole kimoja kilichonyooka kama anataka kumgusa nyoka.

"Nikisema sasa, mubonyeze. Sasa!"

Skrini zote mbili zikaandika: *Siku hii ni yenu.*

Hakuna aliyecheka. Gaspard alisoma skrini ya mwenzake, kisha yake.

"Basi nani alikuwa wa kwanza?" aliuliza.

"Hakuna, muzee. Mimi niliondoa kitu cha kumwambia mmoja asubiri."

Donatien aliinuka taratibu, akamwendea Immaculée. "Mwanangu, nilikusema vibaya mbele ya watu."

"Muzee, weye hukujua." Alimgeukia Vital. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Weye ulijua wakati natoa funguo?"

"Nilijua, yaya."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Wazee walitoka nje kuongea. Waliporudi, Gaspard alikuwa amechukua asubuhi, na Donatien jioni, kwa sharti kwamba viti na maua visiguswe, vitumike kwa harusi zote mbili. Ambroise alimrudishia Immaculée kazi yake, kisha akauliza nani atasimama mlangoni kuwaeleza wageni wa jioni kwa nini wanangoja, kwa maana harusi ya asubuhi hupenda kula saa za jioni.

"Si mimi," Immaculée alisema. "Mimi nimeshatazamwa vya kutosha. Yeye."

Jumamosi ile Vital alisimama mlangoni na shati lake la siku ya kupewa diploma. Kufuli alikuwa ameirudisha, ile inayojifungua, lakini hilo halikuonekana kwa mtu. Ndani, harusi ya Gaspard ilikuwa bado inacheza. Nje, wageni wa Donatien walianza kushuka kwenye pikipiki, wamebeba zawadi, wakisikia ngoma za watu wengine. Baadhi walikunja uso.

Mama mzee mwenye kitenge kipya alifika mbele ya wote. "Mbona tunafungiwa? Wametunyang'anya tena?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyewanyang'anya. Kosa ni langu."

"Lako? Kosa gani hilo, mutoto?"

Wengine walisogea kusikia. Vital akamsogezea mama kiti, akaanza kueleza tangu mwanzo.