Toa Moja

Tangu saa nane mchana mchora ramani alikuwa ameshainuka kitini mara sita. Mara ya kwanza alifuata maji ya kunywa ambayo hakuyanywa. Mara ya pili alikwenda kufunga dirisha, mara ya tatu kulifungua. Hizo nyingine hata kisingizio hakuwa nacho; miguu ilikuwa ikimwasha tu.

"Dada, una siafu kwenye kiti?" akauliza Kengele. Huyu alikuwa mwenzake katika kazi za nje, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na jina hilo walimbandika ofisini kwa sababu hiyo hiyo.

"Nanyoosha mgongo."

"Mgongo gani unanyooshwa mara sita?"

Akaketi tena. Mezani palikuwa na ramani ya mtaa wa ukingoni mwa mto, na juu yake mstari mwekundu uliofika nusu. Mvua za mwaka uliopita, mto ulimega ukingo ukaondoka na nyumba mbili. Ikaamuliwa kwamba kila nyumba iliyo ndani ya mita thelathini kutoka ukingoni ibomolewe na wenyewe wahamie kiwanja cha juu. Mstari ukishapita, umepita. Mkuu wa ofisi aliitaka ramani kesho saa sita mchana.

Watu hudhani jiografia ni kukariri majina ya milima. Mumewe mwenyewe, akitaka kumchokoza, humuuliza mji mkuu wa nchi fulani halafu anacheka peke yake. Kumbe kazi ni kujua kitu kiko wapi, kwa nini kiko hapo, na kama mwakani bado kitakuwepo. Kwa hilo walikuwa na dira, fito za kulengea, kipimamvua, na kile kifaa kinachozungumza na setilaiti. Kifaa kina maringo mengi, lakini kinaweza kukosea mita tatu, nne, na mita tatu ni chumba kizima cha mtu. Kwa hiyo umbali wa nyumba waliupima kwa tepu.

Na tepu yenyewe ilikuwa na kilema. Siku ya kwanza tu ilinasa kwenye kisiki, Kengele akaivuta kwa hasira, mita nzima ya mwanzo ikachanika. Kuomba mpya ni barua tatu na miezi miwili ya kusubiri. Basi wakaikata ikaanzia kwenye alama ya moja, wakajiwekea utaratibu: Kengele anashika mwanzo ukingoni, yeye anasoma kwenye ukuta wa nyumba, na kabla hajaandika Kengele anapaza sauti, "Toa moja!" Walipima hivyo nyumba arobaini. Mtaa mzima ukaizoea sauti ile, wengine wakawa wanamwitikia.

Nyumba iliyomnyima raha ilikuwa ya arobaini na moja, ya shangazi yake. Daftarini kila nyumba ilikuwa na hesabu ndogo pembeni: namba ya tepu, kisha moja imetolewa. Kwa shangazi palikuwa na namba moja tu, thelathini nukta nne, imekaa peke yake. Na sababu aliikumbuka vizuri. Siku ile Kengele alikuwa amepanda juu kusoma kipimamvua. Shangazi akajitolea kushika mwanzo wa tepu, huku akimsimulia kisa cha jirani aliyeposwa na ndugu wawili siku moja. Walicheka mpaka machozi. Hakuna aliyesema toa moja.

Thelathini nukta nne, toa moja. Ni hesabu ya darasa la kwanza, nayo ilimkata maini.

Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Alikuwa fundi cherehani, na nyumba ile aliisimamisha kwa sare za shule za watoto wa watu, chumba kimoja kwa miaka minne. Na kosa lile hakuna mwingine aliyelijua. Ilikuwa ni kuvuta tu mstari upite kati ya nyumba na mto, kisha akanywe chai. Wazo hilo lilimjia na, tusidanganyane, alilikaribisha na kulipa kiti. Akashika kalamu. Akaiweka. Akainuka mara ya saba.

"Nipe tepu," akamwambia Kengele. "Naenda kwa shangazi."

"Twende wote?"

"Hapana."

Njia nzima alipanga maneno ya kueleza, akayapangua, akayapanga tena. Alipofika akamkuta shangazi uani. Cherehani ilikuwa imefungwa kwenye shuka, imewekwa karibu na mlango wa mbele. Alimwamkia, kisha akasema, "Nimekuja kupima tena."

Shangazi hakuuliza kwa nini. Alichukua mwanzo wa tepu akashuka nao ukingoni, polepole, kwa magoti yake yale. "Kile kigingi mlichokipigilia hapa ukingoni siku ile kiliondoka juzi na udongo wake," akasema bila kugeuka.

Mchora ramani alikaza tepu kwenye ukuta akasoma. Thelathini nukta moja. Alisoma mara mbili, kwa sauti. Kalamu ikawa inaelea juu ya karatasi.

Kutoka chini ukingoni, shangazi akapaza sauti: "Toa moja!"

Alilaza tepu chini akamfuata mbio. "Shangazi, ulijua?"

"Nimeshika futi miaka thelathini na tano, mwanangu. Nisiione inayoanzia moja?"

"Na siku ile?"

"Siku ile niliona, nikanyamaza. Tena nikakutolea na kile kisa cha jirani ili usipate nafasi ya kufikiri." Aliangalia maji. "Niliitaka nyumba yangu. Tangu hapo sina raha. Udongo ukianguka kidogo tu, natoka kuhesabu hatua."

"Mimi nilitaka kuchora vile vile tu," akasema mchora ramani. "Saa moja iliyopita. Kalamu ilikuwa mkononi."

Shangazi akamgeukia. "Basi nilikulea vibaya."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Shangazi akafuta uso kwa upindo wa kitenge. "Andika sasa, kabla sijabadili mawazo."

Akaandika: thelathini nukta moja, na pembeni yake, toa moja. Ishirini na tisa nukta moja. Kisha akarudi ukutani, akaokota tepu, akaanza kuikunja. Ikagoma. Aliinua macho akidhani imenasa tena kwenye kisiki. Haikuwa imenasa. Kule chini shangazi alikuwa bado ameishika kwa mikono miwili, uso ameuelekeza kwenye nyumba yake.

Mchora ramani hakuivuta. Alisimama pale pale na ncha yake, akasubiri.