Chale za Kifuani

Mwanangu Donatus alikuwa ameahidiwa ubaharia katika meli ya mizigo ya ziwani, kule Mwanza, ila kwanza apimwe afya hapa Shinyanga. Nilimsindikiza. Alipovua shati, daktari aliona chale safu mbili kifuani.

"Hizi za nini?"

Donatus alinitazama. Akikataliwa angerudi kwenye machimbo ya Geita, na vumbi la huko ni adui wa kifua. Hata hivyo nilisema kweli.

"Pumu, bwana daktari. Bibi yake alimchanja angali mdogo. Tangu apate kipaimara haijambana."

"Na vumbi la zizini huko kwenu je?"

"Anapiga chafya tu, kama ng'ombe wenyewe."

Daktari akacheka, akamtuma akimbie hadi langoni na kurudi. Kisha akawasha kiberiti, akamwambia aachame, asibane midomo, auzime kwa pumzi ya kifua tu. Sikuwahi kuona kipimo cha namna hiyo. Moto ukazimika. Akamsikiliza mgongoni kwa mipira yake ya masikioni, muda mrefu, nami nikisali kimoyomoyo.

"Naweza kusikia na mimi?" nikauliza.

Alisita, halafu akanivalisha. Zamani nilikuwa nalala nimeegemeza sikio kwenye mgongo wa mtoto huyu, nikisikia filimbi ikilia ndani. Sasa nilisikia pumzi tu, ikiingia na kutoka.

"Umesikia nini, mama?"

"Hamna filimbi."

"Hata mimi sikuisikia." Akamgeukia Donatus. "Haya, vaa shati lako, baharia."