Alichochagua Verlene Kujifunza

Mwaka 1974 mimi na Verlene Stroud tulijiandikisha pamoja darasa la watu wazima, kwenye ukumbi wa kanisa letu la Wabaptisti hapa Tanner Shoals, Carolina ya Kusini. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha nguo, zamu ya asubuhi. Verlene alikuwa mjane wa mwaka mmoja na nusu. Mumewe, Clete, alifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba cha kuchana pamba cha kiwanda hichohicho, akafa kifua kimembana, hawezi kupanda hata ngazi tatu za barazani kwake. Sote tulisema ni sigara zake.

Aliyetufundisha, Hollis Pettigrew, alitoka chuo kikuu, mwenye ndevu nyekundu. Siku ya kwanza alivuta viti akavipanga duara.

"Msiniite mwalimu. Mimi ni mwezeshaji tu. Mtu mzima anajua anachohitaji, na mimi nawaamini. Kila mmoja ataandika mkataba wake: anataka kujua nini, na atakitafuta wapi."

"Na mtihani?" nikauliza.

"Mtajipima wenyewe."

"Basi mimi nimeshafaulu!"

Watu wakacheka. Verlene hakucheka. Aliacha shule darasa la sita, na nadhani tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini.

Mimi niliandika kwamba nataka kujua kushona mapazia. Verlene aliandika mstari mmoja: Nataka kujua kilichomuua Clete.

Hollis aliusoma, machozi yakamlengalenga. "Hii ndiyo elimu yenyewe, Verlene. Nitasimama nawe mpaka mwisho."

Miezi mitatu Verlene alikwenda maktaba ya wilaya, akasoma vitabu vya madaktari huku kamusi iko mapajani. Akazunguka kwa wajane wenzake akiuliza. Alasiri moja alinikamata mlangoni mwa kanisa.

"Nettie, wanaume wa chumba cha kuchana pamba hubanwa kifua zaidi siku gani?"

"Jumatatu. Nani asiyejua? Pombe za Jumapili."

"Pombe gani, shoga? Clete hakunywa. Wakipumzika Jumapili kifua kinafunguka, wakirudi kwenye vumbi kinajifunga tena. Imeandikwa. Ni pamba, Nettie. Siyo sigara."

Wiki ya kuonyeshana kazi zetu, Hollis alikuja kachelewa, hakutuangalia usoni. Darasa lile lilikuwa linafadhiliwa na wenye kiwanda, sote tulijua.

"Verlene, nimeufikiria mkataba wako. Nahisi unaongozwa na hasira. Unaonaje tukianza na huzuni yako kwanza? Ubadilishe mada."

"Ulisema nachagua mwenyewe, Bwana Pettigrew."

"Bado unachagua."

"Wenye kiwanda wamekwambia nini?"

Alijifuta shingo. "Darasa zima linaweza kufungwa. Siamui peke yangu." Akatugeukia. "Kundi linaonaje? Kila mtu yuko huru kusema."

Tulikuwa kumi na mmoja, tisa tuna kazi kiwandani. Mimi niliinamia pazia langu nikahesabu maua. Mtu mmoja akakohoa, basi.

"Haya," Verlene akasema, akikusanya karatasi zake. "Kundi limeshasema."

Hakurudi tena. Hollis alimaliza mwaka, akaitwa chuoni kwao kuwafundisha wengine namna ya kufundisha watu wazima. Mimi ilinichukua hadi kiangazi kwenda kwa Verlene. Nilimkuta barazani anamenya kunde. Nikakaa, nikachukua konzi yangu, nikaanza kuomba radhi.

"Acha," akasema. "Unadhani nawakasirikia nyinyi? Mimi nilimwambia kila siku Clete aache sigara. Nilimfichia pakiti. Nilimnunia mezani, nikamwita mkaidi mbele ya dada yake. Asubuhi ile ya mwisho aliniomba nimfungulie dirisha, hewa haimtoshi. Nikamwambia, 'Umejitakia mwenyewe.' Nikaenda jikoni. Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

Nilichukua konzi nyingine ya kunde.

"Nisingesoma," Verlene akasema, "ningekuwa na mume aliyejiua kwa sigara zake. Ningemlilia nikalala. Sasa nina mume niliyemwonea, na siwezi kurudi kule chumbani kumwambia."

Tuliendelea kumenya mpaka kunde zikaisha. Alikung'uta maganda kwenye sketi yake, akasimama.

"Nenda nyumbani, Nettie. Kesho una zamu."