Koenzaimu Iliyonyooka

Maabara nzima ilimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi uliochoma. Mkuu wa maabara hiyo, Profesa, alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na ndiye aliyemvalisha dada yake huyo koti jeupe la kwanza.

Profesa alijijengea jina kwa jambo moja. Kazi nyingi za ndani ya mwili hufanywa na vimeng'enya, na vingi kati yake havifui dafu bila msaidizi mdogo aitwaye koenzaimu. Profesa aliipima koenzaimu mojawapo ikielea majini, akaikuta imejikunja, ncha zake mbili zimelaliana. Akaandika, akasifiwa, na tangu hapo hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Sindano alitaka kuiona ikiwa kazini. Msimu mzima wa mvua alikuza fuwele, punje ngumu kama za chumvi, za kimeng'enya kilichoishika koenzaimu ile, akazipiga eksirei. Picha ilikuwa na ukungu, lakini alichokiona alikiamini. Akaionyesha kwenye kikao, mbele ya wote.

"Kaka, humu ndani haikujikunja. Imenyooka kabisa."

Profesa alihisi macho ya watu usoni mwake. "Fuwele zako zimeharibika, mdogo wangu. Usituletee kivuli ukakiita mtu."

Wengine wakacheka. Sindano aliomba apewe muda apige picha safi zaidi. Wiki iliyofuata Profesa aliamuru rafu ya Sindano kwenye jokofu isafishwe, eti sampuli mpya zilikosa nafasi. Sindano alizikuta fuwele zake kwenye sinki, zimeshayeyuka. Alivua koti, akalitundika, akaondoka zake. Baadaye ikasikika kwamba anapima maziwa kiwandani. Kwenye misiba na harusi za ukoo walisalimiana vizuri tu, wakaulizana habari za watoto, basi.

Miaka ikaenda. Nywele za Profesa zilikuwa zimeshageuka mvi siku alipoletewa makala ya watafiti wageni aikague. Ndani yake mlikuwa na picha kali kama mchana: kimeng'enya kilekile, koenzaimu ileile, imenyooka kutoka ncha hadi ncha. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akachukua funguo za gari, akaenda kiwandani.

Alimkuta dada yake amevaa buti za mpira, akichota maziwa kwenye tangi la lori. Bila salamu ndefu akampa ile picha. Sindano alijifuta mikono, akaishika, na kwa muda uso wake ukawa wa yule msichana wa zamani.

"Inapendeza," alisema taratibu. "Na wewe hukukosea, kaka. Majini inajikunja kweli. Ikishikwa na kimeng'enya ndiyo inafunguka. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu yake."

"Tungeandika pamoja," Profesa alisema.

"Tungeandika."

"Nisamehe, mdogo wangu. Rudi. Meza nitakupa, mashine nitakupa."

Sindano alicheka kidogo, bila uchungu, na hicho ndicho kilichomuumiza zaidi kaka yake. "Nilishakusamehe zamani, nisingeweza kuibeba hasira hii pamoja na ndoo. Lakini kurudi, hapana. Vitu nilivyovijua vimenitoka, kaka. Wenzangu wamefika mbali, mimi nitaanza kuwauliza njia?"

Dereva wa lori akapiga honi. Sindano akamrudishia picha, akamwambia awasalimie watoto, akapanda ngazi ya tangi.

Profesa aliipitisha makala ya wale wageni bila kubadilisha hata nukta. Muhula ulipoanza aliwaeleza wanafunzi wake jinsi koenzaimu inavyobadilika umbo, akasema wa kwanza kuliona hilo alikuwa dada yake. Mwanafunzi mmoja akauliza wataisoma wapi kazi yake.

Profesa alihangaika na chaki mkononi. "Hamtaisoma popote," alisema. "Niliimwaga mimi."